Baba Alipomfuata Mtangazaji wa Salamu

Wale wa rika langu mliokulia kando ya reli, kati ya Tabora na Mwanza, hamna haja ya kuelezwa sana. Miaka ya sabini Isaka haikuwa na bandari kavu wala foleni ya malori. Kulikuwa na stesheni, tangi la maji, ghala la pamba, duka la ushirika ambalo mara nyingi lilikuwa na chumvi na viberiti tu, na safu moja ya kota za wafanyakazi wa reli. Sisi tulikaa nyumba ya tatu kutoka stesheni. Treni ikipita, vikombe viligongana kabatini na hakuna aliyegeuza shingo.

Tulicheza rede kwa mpira wa matambara, na kombolela katikati ya mabehewa yaliyoegeshwa, mpaka mkuu wa stesheni atoke na fimbo yake. Shuleni tulikwenda na fagio na kuni mbili mbili, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, na mwalimu wa zamu alikagua kucha kabla hata hatujamaliza kusema shikamoo. Nyumbani tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, na msimu wa kiangazi tulitafuna michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, iliyochemshwa na karanga za kutwanga. Wajukuu wangu nikiwapa michembe leo huigeuzageuza mkononi na kuniuliza imetoka kwenye mti gani.

Baba yangu alikuwa na kazi ya kugeuza njia. Treni mbili zikikutana Isaka, yeye ndiye aliyevuta ule mkono mrefu wa chuma kuiingiza mojawapo njia ya pembeni. Ilikuwa kazi ya mtu makini na asiye na maneno mengi, na baba alikuwa hivyo hasa. Aliyezungumza nyumbani kwetu alikuwa mama. Mama alisimulia mambo ya kisimani, alimuuliza baba maswali na kuyajibu mwenyewe, na baba alikaa pale akitabasamu huku akifuta mafuta kwenye vidole vyake.

Mama alifariki nikiwa darasa la tatu. Homa ya siku nne, basi. Baada ya matanga na ndugu kurudi vijijini, tulibaki watatu: baba, mimi Minza, na mdogo wangu Masele aliyekuwa na miaka mitano. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia baba akimeza ugali.

Ndipo redio ilipoanza kuwa mtu wa nyumba yetu.

Ilikuwa redio ya betri yenye sanduku la mbao, ambayo zamani ilifunguliwa kwa ajili ya taarifa ya habari tu. Sasa baba aliiweka juu ya kabati la vyombo, na kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, alikaa mbele yake amenawa uso na kubadili shati. Huo ulikuwa wakati wa kipindi cha salamu. Watu wa nchi nzima walituma kadi, na mtangazaji alizisoma: fulani wa Singida anamsalimu shemeji yake wa Tanga, na kadhalika. Aliyezisoma alikuwa mwanamke aitwaye Bi. Rehema. Sauti yake ilikuwa ya chini, isiyo na haraka, kama ya mtu anayechambua mchele huku akiongea nawe. Na alianza kila siku kwa maneno yale yale: "Habari za jioni, msikilizaji wangu. Umeshindaje leo?"

Baba alimjibu. Mwanzoni kwa kichwa tu. Baadaye kwa sauti.

"Mwadila, mayu," alisema, kama anavyosalimiwa mama mwenye heshima kwa Kisukuma. "Tumeshinda salama. Treni ya mizigo imechelewa."

Mimi na Masele hatukuona ajabu. Watoto huzoea haraka. Masele alifikiri Bi. Rehema ni shangazi yetu wa mbali. Bi. Rehema akikohoa, baba alisema, "Hali ya hewa ya pwani haimfai huyu." Akicheka, baba alituangalia mmoja mmoja kuhakikisha nasi tumesikia. Siku moja alisoma vibaya jina la kijiji kimoja cha kwetu, na jirani aliyekuwa amekuja kuazima shoka akacheka. Baba alimtetea kama mtu anayemtetea mkewe: "Amechoka. Unajua anasoma kadi ngapi kwa siku?" Jirani yule alikwenda kuyasimulia stesheni, na kuanzia hapo wakamwita baba "shemeji wa redio".

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka. Huyu ni Mama Kabula, mjane aliyekaa nyuma ya kota, aliyeuza viazi na karanga kwa abiria. Treni ikiingia kutoka Tabora, kina mama wote walikimbia na mabeseni, lakini sauti iliyofika mpaka behewa la mwisho ilikuwa yake. Tangu mama afariki alikuwa akituletea mboga, alinisuka nywele pamoja na binti yake Kabula, na alimshonea Masele kaptula kutoka kwenye gunia la unga. Wakubwa walikuwa wameanza kusema kwamba Baba Minza angefanya vizuri kumwoa. Nadhani hata yeye alikuwa akingoja baba aseme neno. Alikuja jioni na bakuli lake lililofunikwa, akasimama mlangoni, na baba akamwashiria kwa mkono: subiri, Bi. Rehema anasoma. Mama Kabula alisubiri mara nyingi. Siku nyingine aliweka bakuli chini akaondoka.

Nami lazima niseme ukweli, sikumtaka Mama Kabula. Alinuka moshi, alivuta nywele sana wakati wa kusuka, na alinigombeza kwa sauti ile ile aliyoitia treni. Bi. Rehema hakuwahi kunigombeza. Bi. Rehema hakuwa na mtoto aitwaye Kabula ambaye ningegawana naye kitanda. Moyoni mwangu nilikwisha kumchagua.

Baba alituma kadi za salamu kila mwezi, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa shuleni, mimi ndiye niliyeziandika. Alinitajia maneno, nami niliandika: Baba Minza wa Isaka stesheni anakusalimu wewe mtangazaji, anakutakia kazi njema. Hakuna zaidi. Mwezi mmoja, nikiwa sasa darasa la tano, kabla sijaipeleka posta niliongeza maneno yangu pale chini kwa herufi ndogo.

Wiki tatu zilipita. Jioni ile tulikuwa wote watatu mbele ya kabati, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mama Kabula alikuwa amefika na bakuli lake. Bi. Rehema akasoma salamu za baba, akapumua kidogo, akaendelea:

"Na hapa chini kuna mkono wa mtoto. Anasema: mama yetu alifariki, baba anakupenda, njoo ukae na sisi, ni kota ya tatu ukishuka kwenye treni." Akacheka polepole, si kwa dharau. "Asante, mwanangu. Poleni sana. Mungu awatunze." Kisha akaendelea na mtu wa Mtwara.

Kulikuwa na redio nyingine tano katika zile kota. Nilisikia kicheko kikipita kutoka nyumba moja hadi nyingine kama moto kwenye majani makavu. Baba hakunipiga. Alikaa ameshika magoti yake, masikio yamemwiva. Nilipogeuka, Mama Kabula hakuwepo, na bakuli nalo alikuwa ameondoka nalo.

"Kwa nini umeandika vile?" baba aliniuliza baadaye.

"Ni kweli," nikasema. "Unampenda."

Aliinuka akafunga mlango.

Kwa wiki nzima hakwenda dukani. Stesheni walimuuliza kama mke amekwisha kupanda treni. Hayo yote aliyavumilia. Kilichomwangusha ni kilichofuata: jioni moja redio ilipofunguka, aliyesema habari za jioni alikuwa mwanaume. Kesho yake vile vile. Wiki ikaisha, Bi. Rehema hayupo, na yule mwanaume hakusema amekwenda wapi.

Baba aliamini ni sisi. Alishika wazo hilo na hakuliacha. "Wamemfukuza," alisema. "Mtu wa serikali anasomaje mambo ya kuitwa kuolewa hadharani? Wamemfukuza kwa sababu ya kadi yetu." Aliacha kula vizuri. Alinyoa ndevu siku moja, akaziacha siku nne. Nilikuwa nimeuona uso ule mara moja kabla, siku za matanga, na niliogopa. Msisahau kwamba mimi ndiye niliyeandika.

Kisha ikaja jioni ya treni ya mizigo. Ilikuwa na mabehewa ya pamba kutoka Mwanza, na ya abiria ilikuwa imesimama stesheni. Baba alipaswa kugeuza njia. Alikuwa amekaa kwenye kibanda chake na redio ndogo ya mwenzake sikioni, akitafuta ile sauti kwenye masafa mengine. Dereva wa treni ya mizigo aliona ishara bado inakataza, akafunga breki, akasimama nje kidogo ya stesheni akipiga honi mfululizo mpaka sisi watoto tukakimbilia huko. Hakuna aliyeumia. Ishara ilikuwa bado imekataza, ndiyo iliyotuokoa. Lakini abiria waliona taa za ile treni zikiwakabili, na wengine walikuwa wanaruka madirishani.

Mkuu wa stesheni alimwita baba mbele ya kibanda. Nilisimama karibu, nikasikia.

"Masanja, nimefanya kazi nawe miaka kumi na mmoja. Leo ungeua watu."

"Ndiyo, mzee."

"Una likizo hujaichukua. Ichukue. Ukirudi, urudi ukiwa mzima. La sivyo usirudi."

Wafanyakazi wa reli walikuwa na haki ya pasi ya kusafiri bure mara moja kwa mwaka. Baba hakuwahi kuitumia kwenda mbali zaidi ya Tabora. Sasa aliomba ya Dar es Salaam. Alifunga gunia dogo la michembe na karanga, akavaa suruali yake ya harusi, na akaenda kwa Mama Kabula. Nilidhani hatafungua mlango. Alifungua.

"Nakuachia watoto siku nane," baba alimwambia.

"Unakwenda kumwoa?"

"Nakwenda kumwomba radhi."

"Nenda," akasema. "Ukitoka huko utakuwa umepona au umekwisha kabisa. Vyote viwili nitajua la kufanya."

Siku zile nane nililala kitanda kimoja na Kabula. Alipiga mateke usingizini. Mama yake alitulisha, alituogesha, alinigombeza kwa kumwaga maziwa, na hakusema neno hata moja kuhusu kadi. Ilikuwa afadhali angesema.

Baba alirudi na treni ya mchana. Alikuwa amenyoa ndevu. Alimletea Masele biskuti, na mimi daftari. Tulipokwisha kula aliniita nje, tukakaa kwenye rundo la mbao za reli, akanieleza kama anavyomweleza mtu mzima. Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Alikuwa amefika kwenye jengo la redio na gunia lake begani, akakaa mapokezi kuanzia asubuhi. Saa tano akatoka mwanamke mfupi, mnene kidogo, amevaa miwani, ameshika mfuko wa vitumbua. Baba hakumtambua mpaka aliposema "karibu".

"Hajafukuzwa," baba aliniambia. "Koo lilimuuma, wakampumzisha, kisha wakamhamishia vipindi vya shule. Anafurahi. Sasa anawahi kurudi nyumbani."

"Alitukasirikia?"

"Hakutukumbuka, Minza. Nilimtajia kadi, nikamtajia Isaka. Akaniuliza kama Isaka iko upande wa Dodoma." Alicheka kidogo, kicheko cha kwanza baada ya miezi. "Kadi zinakuja kwa magunia. Anasoma, mwenzake anazitupa pipani."

Nilianza kulia. Baba akanishika bega.

"Subiri, sijamaliza. Nilimuuliza: mama, kwa nini basi ulikuwa unasema msikilizaji wangu, umeshindaje, kama unaongea na mtu mmoja? Akasema walipomfundisha kazi waliambiwa wasisalimie umati, kila mmoja amfikirie mtu mmoja tu na kuongea naye. Nikamuuliza, wewe ulimfikiria nani? Akasema: marehemu mume wangu. Alikuwa akirudi kutoka kazini saa kumi na mbili na nusu."

Treni ya mafuta ikapita taratibu.

"Alichukua michembe?" nikauliza.

"Alichukua. Aliuliza inapikwaje."

Baba alirudi kazini, na kwa miaka yote iliyobaki hakuchelewa tena kugeuza njia. Kwa Mama Kabula mambo hayakuwa rahisi hivyo. Alipokwenda kumposa, alijibiwa mbele ya mshenga wake: "Mimi si ledio, Baba Minza. Nikikuuliza umeshindaje, nataka jibu. Na ukinikera, hakuna pa kunizimia." Alimfanya asubiri mwaka mzima. Katika mwaka huo baba alikuwa akikaa jioni nje kwake na kujifunza kuongea. Tulimsikia kwa mbali, anasimulia mambo ya mabehewa, anasita, anaanza upya. Wakafunga ndoa baada ya mavuno ya pamba. Waliishi pamoja miaka ishirini na sita, wakagombana ipasavyo, na ni yeye aliyemfumba baba macho.

Mimi nilisomea uuguzi, na kwenye miaka ya themanini, chuoni, tulifundishwa somo la saikolojia. Mwalimu alipofika kwenye mambo ya watu wanaojenga urafiki na mtu wanayemsikia au kumwona tu, mtu ambaye hajui kama wao wapo, niliacha kuandika nikamfikiria baba. Nilichoelewa ni hiki, na nimekiona tena na tena kwa wagonjwa na kwa watu wazima wenye akili zao. Sauti inayokuja saa ile ile kila siku, ikikuita wewe peke yako kwa upole, moyo huipokea kama sauti ya mtu wa nyumbani. Moyo hauulizi kama anayeongea yuko Dar es Salaam. Tena mtu yule hachoki nawe, hakuombi kitu, hakuoni ukiwa mchafu, na kwa aliyefiwa kuna kubwa zaidi: hawezi kufa mbele yako. Baba alikuwa amepoteza mtu aliyemsemea. Akapata mwingine, asiyeweza kumdai hata neno moja. Haukuwa wazimu. Mapenzi ya namna hiyo humshika mtu mpweke kama gongo inavyomshika mwenye baridi, na yanamsaidia kweli kuvuka siku mbaya. Ubaya huanzia pale mwenye bakuli anaposimama mlangoni na wewe unamwashiria asubiri.

Wala tusijifanye baba alikuwa peke yake. Niambieni, nani kati yenu hakubandika picha ya mcheza mpira kwenye jalada la daftari? Nani hakuapa kwamba mwimbaji wa bendi fulani, siku ile ya dansi Shinyanga mjini, alimwangalia yeye? Mimi mwenyewe nilimwandikia golikipa mmoja barua saba, na hakujibu hata moja, nami nikaolewa na mwalimu wa hesabu.

Sasa naishi Nyasubi, hapa Kahama, na mjukuu wangu Neema yuko kidato cha tatu. Juzi nilimkuta ametoka shule na kujifunika shuka, macho yamevimba. Nikadhani kuna msiba. Kumbe mwanamuziki anayemfuatilia kwenye simu ameoa. "Bibi, hata hakutuambia," akasema. Nikataka kucheka, nikakumbuka uso wa baba asiyenyoa, nikakaa kitandani. Nilimsimulia yote haya, na ile sehemu ya kadi akacheka mpaka akakaa.

Akaniuliza: "Lakini bibi, si baba yako alikwenda akamwona? Mimi nitamwonaje?"

Kati ya baba na mtu wake kulikuwa na reli, pasi moja kwa mwaka, na mlango ambao mtu na gunia lake aliweza kuufikia, akaketi, akaambiwa ukweli na mwanamke mwenye vitumbua. Huyu wa Neema anamwonyesha sebule yake, chai yake, mtoto wake akilala, anamwita "familia yangu" asubuhi, mchana na jioni, na bado hakuna mlango popote wa kubisha hodi. Na kwetu kipindi kilidumu nusu saa. Nusu saa ikiisha, mtangazaji alisema kwaheri, na hata anayempenda kupita kiasi alilazimika kugeuka na kuona ni nani wengine wamo chumbani.

Neema alifuta pua, akaitazama simu, ikawaka yenyewe.

"Iweke kwanza," nikamwambia. "Umeshindaje leo shuleni?"

Aliniangalia kama vile swali hilo hajaulizwa siku nyingi. Kisha akaanza kunisimulia, polepole, akisita hapa na pale.